Siti binti Saad Kabla na Baada ya Santuri: Maisha ya Fanani Kati ya Enzi Mbili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu maisha na kazi ya Siti binti Saad (takriban 1880–1950), mwimbaji wa taarab wa Unguja ambaye jina lake halikosekani katika mjadala wowote wa historia ya muziki na ushairi wa Kiswahili wa karne ya ishirini. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na tangu miaka ya 1990 wataalamu wa historia na muziki, miongoni mwao Laura Fair na Janet Topp Fargion, wamezichunguza nyimbo zake na mazingira yaliyozizaa. Hatuna haja, basi, ya kuthibitisha umaarufu wake. Lililobaki ni kuuliza swali la msingi zaidi: tunapomtaja Siti, tunamzungumzia Siti yupi?

Swali hili linatokana na hali ya ushahidi wenyewe. Wanazuoni wa sinema wamezoea kuyagawa maisha ya waigizaji wa mwanzoni mwa karne iliyopita katika vipindi viwili, yaani kipindi cha sinema bubu na kipindi cha sinema yenye sauti. Mpaka kati ya vipindi hivyo ulikuwa mkali. Wako waigizaji waliopanda ngazi kwa sababu ya mpaka huo, na wako waliozama. Katika pwani ya Afrika Mashariki mpaka wa namna hiyo unaonekana katika santuri zaidi kuliko katika filamu, na aliyeuvuka kwa namna iliyo wazi kabisa ni Siti binti Saad. Kabla ya mwaka 1928 sauti yake ilisikiwa na waliokuwapo tu. Baada ya mwaka huo ilisikiwa hata na wale ambao hawakupata kumtia machoni.

Hoja ya makala haya ni kwamba Siti ana kazi mbili, si moja, na kwamba uhakiki umekuwa ukiipima kazi ya kwanza kwa mizani ya kazi ya pili. Miaka kumi na saba ya uimbaji ambayo haikunaswa popote ndiyo iliyomjenga fanani huyu. Santuri zilimkuta amekwisha kuwa Siti. Tukizichukua santuri kuwa ndizo Siti mzima, tutakuwa tumeupunguza ufundi wake, na pia tutakuwa tumeifuta hadhira iliyoshiriki kuujenga.

2.0 Kutoka Fumba hadi Mjini

Siti alizaliwa Fumba, katika rasi iliyo kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake alikuwa na asili ya Uzigua, ingawa wote wawili walizaliwa Unguja. Baba alikuwa mkulima, na mama alikuwa mfinyanzi. Jina la Mtumwa halihitaji ufafanuzi mrefu kwa msomaji anayeijua Unguja ya wakati huo. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, wakati binti huyu alikuwa amekwisha kuwa mwanamwali, na hata hapo masuria hawakuhusishwa na sheria hiyo mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo alikulia katika jamii ambamo mtu aliulizwa nasaba yake kabla ya kuulizwa anajua kufanya nini.

Hakupelekwa shule, wala utotoni hakupata elimu ya chuoni ambayo watoto wengi wa kiume wa mjini waliipata. Alichojifunza ni kazi ya mama yake: kufinyanga vyungu na kuvipeleka sokoni. Fumba iko umbali wa kilomita zipatazo 20 kutoka mjini. Anayetoka huko huelekea kaskazini na kuukaribia mji kwa upande wa Kiembe Samaki. Leo Kiembe Samaki ni sehemu ya mji, jirani na uwanja wa ndege, na mgeni hawezi kutambua ni wapi mji unapoishia na shamba linapoanzia. Enzi za ujana wa Siti huko kulikuwa shamba, kwa maana ambayo Waunguja wamelitumia neno hilo siku zote, yaani kila mahali pasipo mjini. Njia ya Kiembe Samaki ilikuwa njia ya kutoka tabaka moja kwenda jingine, na aliyeipita kwa miguu akiwa na vyungu kichwani hakuwa na shaka kuhusu tabaka lake.

Katika biashara hiyo ndimo sauti yake ilimojulikana kwanza. Alikuwa akiimba kunadi bidhaa yake, na husimuliwa kwamba watu waliitambua sauti kabla ya kumwona mwenyewe. Jambo hili hutajwa katika maandishi mengi kama kisa cha kupendeza tu. Sisi tunaliona kuwa na uzito wa kifani. Mnadi wa vyungu hana jukwaa, hana ala na hana hadhira iliyokaa kumngoja. Analazimika kuita watu wenye shughuli zao, kubadili maneno kulingana na anayepita mbele yake, na kujua mara moja kama amesikika au hakusikika. Stadi hizo tatu, yaani kuita, kubadili na kusikiliza, ndizo zitakazoonekana tena katika taarab yake.

Mwaka 1911 aliiacha Fumba na kuhamia mjini. Ni mwaka huohuo ambapo Sayyid Khalifa bin Harub alitawazwa kuwa Sultani, naye aliendelea kutawala mpaka mwaka 1960. Takriban maisha yote ya Siti kama msanii yalipita chini ya mtawala mmoja. Ukoo ule wa kifalme ndio ulioileta na kuilea taarab. Siti aliipokea sanaa hiyo kutoka pembeni kabisa mwa jamii, na kuirudisha kasrini ikiwa imebadilika lugha.

3.0 Miaka Isiyonaswa, 1911–1928

Taarab ilikuwa imefika Unguja katika zama za Sultani Barghash bin Said (1870–1888), ambaye aliwaleta wanamuziki kutoka Misri na kumpeleka Mohamed Ibrahim huko ili ajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 ilianzishwa Nadi Ikhwani Safaa, chama cha waungwana wa mjini walioipenda sanaa hiyo. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, wapigaji na waimbaji walikuwa wanaume, na wasikilizaji walikuwa watu wa nasaba na mali. Maneno hayakueleweka na wengi, na kutoeleweka huko kulikuwa sehemu ya heshima yake.

Alipofika mjini Siti alikutana na Ali Muhsin, aliyekuwa mwanachama wa Ikhwani Safaa, naye akamfundisha uimbaji wa Kiarabu na misingi ya muziki. Baadaye aliungana na wanaume waliokuwa mafundi wa ala na utunzi, wakiwamo Subeit Ambari, Mbaruku Effandi, Buda na Mwalimu Shaaban. Kundi hili lilijenga makao yake Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe na makazi ya wale ambao wengi wao walikuwa watumwa wa zamani na watoto wao, pamoja na watu waliohamia kutoka bara. Ni katika kipindi hiki kwamba Mtumwa akawa Siti, jina la Kiarabu lenye maana ya bibi au mwanamke wa heshima. Badiliko hili la jina liwekwe pamoja na mabadiliko mengine yaliyokuwa yakitokea Ng'ambo wakati huo. Wanawake waliacha kaniki, nguo nyeusi iliyokuwa alama ya utumwa, wakavaa kanga na buibui. Watu walikuwa wakijipa upya majina, mavazi na nasaba, na Siti alifanya hivyo mbele ya macho ya mji mzima.

Si kila jicho lililomtazama kwa wema. Washindani wake walimtungia wimbo wa kumdhihaki, wakimkumbusha kwamba aliingia mjini akiwa na kaniki na wakihoji tangu lini amekuwa mtu. Walimcheka pia kwa sura yake, kwani hakuhesabiwa miongoni mwa wanawake wazuri. Siti hakunyamaza. Alijibu kwa wimbo uliokana kwamba uzuri wa sura au ukoo ni hoja, akiweka mahali pake akili na elimu kuwa ndizo zinazomfanya mtu kuwa mtu. Majibizano haya yanafuata desturi ya malumbano ya kishairi iliyokuwapo pwani kwa muda mrefu. Upya wake ni kwamba anayelumbana ni mwanamke wa asili ya utumwa, na jambo linalolumbaniwa ni haki yake ya kusimama mahali aliposimama.

Sifa kubwa anayopewa Siti ni kuifanya taarab iimbwe kwa Kiswahili. Ni muhimu kuieleza sifa hiyo kwa usahihi. Nyimbo za Kiswahili zilikuwapo tangu kale katika ngoma, harusini na katika mashairi ya miji ya pwani. Alichofanya Siti na wenzake ni kuileta lugha hiyo ndani ya umbo la muziki lililokuwa limefungwa kwa Kiarabu, bila kuacha ala, maqamu wala adabu za umbo lenyewe. Aliendelea kuimba Kiarabu pale kilipohitajika, na aliimba pia nyimbo za Kihindi. Kwa hiyo hakuibadilisha taarab kwa kutoijua. Aliijua kwanza, ndipo akaibadilisha.

Kutokana na badiliko hilo taarab ikapata kazi mpya. Ikaweza kuzungumzia mambo yaliyotokea jana: kesi mahakamani, rushwa, ukatili wa waume, dhuluma ya wenye kalamu kwa wasiojua kusoma. Mfano unaojulikana zaidi ni wimbo wa Kijiti. Wimbo huo unasimulia habari ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja na mtu wa jina hilo. Muuaji akatorokea bara, na wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio waliosimamishwa mbele ya hakimu. Wasikilizaji wa Ng'ambo hawakuhitaji kuelezwa funzo la kisa hicho, kwani waliijua mahakama. Wimbo uliwapa nafasi ya kuijadili hukumu ambayo hawakuwa na njia nyingine ya kuikatia rufaa.

Hapa ndipo tunapokutana na ugumu wa kiuchunguzi. Kazi hii yote ilifanyika usiku, nyumbani kwa Siti na katika nyumba alizoalikwa, na kati ya hizo zilikuwamo nyumba za wakwasi na kasri yenyewe. Wimbo uliweza kurefushwa, ubeti ukarudiwa kwa ombi la aliyetunza, jina likachomekwa, fumbo likaelekezwa kwa mtu aliyekaa pale pale. Hadhira ilikuwa mshiriki. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanajua kwamba fanani, hadhira na tukio havitenganiki. Lakini kwa Siti wa miaka ya 1911 hadi 1928 tuna fanani na tuna maelezo ya hadhira, wakati tukio lenyewe limekwisha na halikuacha sauti. Hicho ndicho kipindi chake cha ububu, ingawa bubu alikuwa si yeye bali kumbukumbu.

4.0 Bombay, 1928

Mwaka 1928 kampuni ya gramafoni ya Uingereza iliyouza santuri kwa nembo ya His Master's Voice iliwachukua Siti na wenzake hadi Bombay, wakarekodi nyimbo zao huko. Zilikuwa miongoni mwa santuri za kwanza kabisa za Kiswahili, na Siti ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilienea kwa njia hiyo. Uchaguzi wa Bombay haukuwa wa ajabu. Bahari ya Hindi ilikuwa imeviunganisha visiwa hivi na bandari za India kwa karne nyingi, wafanyabiashara wa Kihindi ndio walioziuza gramafoni Unguja na Mombasa, na mitambo ya kurekodi ilikuwa tayari India.

Tafsiri ya nembo ile ni Sauti ya Bwana Wake, na picha yake ni ya mbwa aliyetega sikio mbele ya pembe ya gramafoni. Mwanamke aliyeitwa Mtumwa siku ya kuzaliwa kwake aliingia katika masoko ya dunia chini ya maneno hayo. Tusilifanye jambo hili kuwa zaidi ya lilivyo, kwani nembo hiyo ilibandikwa juu ya santuri za watu wa kila nchi. Hata hivyo linatukumbusha kwamba teknolojia iliyoikuza sauti ya Siti haikuwa mali yake, na kwamba masharti yake hayakuwekwa Ng'ambo.

Masharti hayo yalikuwa ya kiufundi pia. Tangu mwaka 1925 kampuni kubwa zilikuwa zimeanza kurekodi kwa umeme, kwa kutumia maikrofoni badala ya pembe, na jambo hilo liliwezesha sauti ya mwimbaji na ala ndogo kunaswa kwa uwazi zaidi kuliko zamani. Lakini santuri ya kawaida ya inchi 10, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba takriban dakika tatu tu kila upande. Wimbo uliozoea kuchukua muda ambao hadhira iliutaka ukalazimika kuishia pale sahani ilipoishia. Beti zilichaguliwa na vipande vya ala vikafupishwa. Majina na mafumbo yaliyochomekwa papo kwa papo hayakuwa na nafasi, kwa sababu aliyekusudiwa hakuwapo. Mbele ya Siti kulikuwa na fundi mitambo na chombo, na hakukuwa na mtu wa kumtunza.

Ni dhahiri kwamba alilimudu badiliko hili. Hesabu inayotajwa mara kwa mara katika tafiti ni kwamba kufikia mwaka 1931 zilikuwa zimeuzwa nakala zipatazo 72,000 za santuri hizo. Wingi huo unashangaza zaidi tukikumbuka kwamba gramafoni moja ilisikilizwa na mtaa mzima, na kwamba mkahawani wimbo mmoja ulipigwa mbele ya wateja wengi. Kampuni nyingine, zikiwamo Odeon na Columbia, nazo zikavutwa na soko la sauti za Waswahili. Kisha mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 ukayapunguza mauzo ya santuri kila mahali. Mwaka 1931 kampuni ya His Master's Voice na ile ya Columbia ziliunganishwa na kuwa EMI. Kipindi cha mafanikio makubwa kilikuwa kifupi, lakini kilitosha kulifikisha jina la Siti mahali ambapo mguu wake haukufika.

Mwaka 1928 unastahili kutazamwa kwa pande zote. Huko Ng'ambo watu walikuwa katika mgomo wa kodi ya viwanja, wakikataa kuwalipa wenye ardhi kwa ajili ya mahali zilipojengwa nyumba zao. Huko Mombasa, katika mkutano wa mwaka huohuo, wawakilishi wa makoloni walikubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, uamuzi uliozaa Kamati ya Lugha mwaka 1930. Maofisa walikuwa wakikichagua Kiunguja kwa ajili ya vitabu vya shule. Wakati huohuo mwanamke asiyejua kusoma alikuwa akikipeleka Kiunguja hichohicho, kikiwa na lafudhi na mafumbo yake, kwa njia ambayo haikuhitaji shule. Historia ya usanifishaji wa Kiswahili imeandikwa kwa kuifuata kamati. Mchango wa santuri katika kuwazoesha watu wa bara masikio ya Kiunguja bado haujapewa uzito unaostahili.

5.0 Sura na Sauti

Ulinganisho na sinema tulioutaja mwanzoni unatusaidia kulieleza jambo moja kwa usahihi zaidi. Mwaka 1927 Marekani ilitoa The Jazz Singer, filamu iliyoashiria mwisho wa enzi ya sinema bubu. Mwaka 1931 Bombay ikatoa Alam Ara, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, miaka mitatu baada ya Siti kurekodi katika jiji hilohilo. Nyota mkubwa wa sinema bubu ya India wakati Siti alipofika Bombay alikuwa Ruby Myers, aliyejulikana kwa jina la kisanii la Sulochana. Uso wake ulikuwa umemletea kila kitu. Sauti ilipoingia, uso haukutosha tena, kwa kuwa hakukimudu Kihindustani. Ilimbidi apumzike kiasi cha mwaka mmoja akijifunza lugha, ndipo akarudi na filamu ya Madhuri mwaka 1932.

Kwa Siti mambo yalikwenda kinyume. Sulochana alikuwa sura iliyotakiwa kupata sauti. Siti alikuwa sauti iliyoondolewa sura. Wale waliomcheka Ng'ambo walimcheka kwa alivyoonekana, kwa nguo aliyoingia nayo mjini na kwa nasaba iliyosomeka usoni mwake. Santuri iliyaacha yote hayo nyuma. Msikilizaji wa Lamu au Tanga alipoizungusha sahani hakuona kaniki wala sura. Alisikia ufundi wa sauti na uzito wa maneno tu. Hoja ambayo Siti aliitoa katika wimbo wake wa kujibu, kwamba uzuri wa sura si kitu mbele ya akili, ilithibitishwa na chombo chenyewe.

Lakini faida hiyo ilikuwa na gharama. Pamoja na sura, santuri iliondoa pia mwili wa fanani: mkono unaoashiria, jicho linalomtafuta mlengwa wa fumbo, kimya kinachongoja watu wacheke. Katika taarab, fumbo lisilo na mlengwa hubadilika likawa methali. Huenda hii ndiyo sababu nyimbo nyingi za Siti, zinaposikilizwa leo, huonekana kuwa na hekima ya jumla, ingawa kwa wasikilizaji wake wa kwanza baadhi yake zilikuwa na makali ya habari za mtaani. Mhakiki anayeichukua hekima hiyo ya jumla kuwa ndiyo dhamira ya asili anaisoma athari ya santuri akidhani anausoma utunzi.

Unguja ya miaka ya 1920 ilikuwa na sinema zake, na watazamaji wake waliishuhudia filamu bubu na baadaye filamu zenye sauti kutoka India, Misri na Marekani. Huko Misri, Umm Kulthum alitoka katika santuri akaingia redioni na kisha katika filamu, kuanzia Wedad ya mwaka 1936. Kwa hiyo Wamisri wanaweza kumwona anavyosimama na anavyoishika leso yake. Siti hakuipata njia hiyo. Redio ilianza Unguja mwaka 1951, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Alibaki na santuri pekee, zenye dakika tatu tatu.

6.0 Miaka ya Mwisho na Wasifu

Siti aliendelea kuimba na kuheshimiwa katika miaka iliyofuata, na mfano wake uliwafungulia mlango wanawake wengine wa mjini walioanza kuunda vikundi vyao vya taarab. Katika siku zake za mwisho alitembelewa na Shaaban Robert, mshairi kutoka Tanga, ambaye alimhoji kuhusu maisha yake. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Wasifu alioutunga Shaaban Robert kutokana na mazungumzo hayo ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kamati iliyotokana na ile ya mwaka 1930. Hivyo njia mbili zilizoanza mwaka 1928, ya Bombay na ya Mombasa, zilikutana katika chapisho moja.

Wasifu wa Siti binti Saad ni kitabu cha pekee. Kuandika maisha ya mwanamke wa kawaida, asiye malkia wala mke wa mtukufu, lilikuwa jambo geni katika nathari ya Kiswahili ya wakati huo. Mwandishi alimwinua Siti kuwa kielelezo cha bidii, subira na utu. Hata hivyo ni lazima tukumbuke kwamba Shaaban Robert alikuwa mwandishi wa maadili. Katika maisha ya mtu alitafuta funzo, na kwa kawaida alilipata. Kwa sababu hiyo kitabu chake kinatueleza vizuri zaidi tabia ya Siti kuliko ufundi wake, na kinayahifadhi maneno ya nyimbo bila kuweza kuyahifadhi mazingira yake. Tuna basi ushahidi wa aina mbili unaokamilishana na pia kupungukiwa pamoja. Santuri zina sauti bila tukio, na Wasifu una maneno bila sauti.

Ushahidi wa tatu ulikuwa watu. Fatma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, alijifunza kwa kumsikiliza Siti, na aliziimba nyimbo za Siti kwa miaka mingi mbele ya hadhira za Unguja na za ng'ambo ya bahari. Katika uimbaji wake nyimbo hizo zilipata tena kile ambacho sahani iliziondolea, yaani uhuru wa kurefuka, kubadilika na kumchokoza aliye mbele. Bi Kidude alifariki mwezi Aprili 2013. Kwa kifo chake ulikatika mnyororo mashuhuri kuliko yote wa watu waliomsikia Siti kwa masikio yao.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonesha kwamba maisha ya Siti binti Saad kama msanii yana sehemu mbili zenye ushahidi wa aina tofauti. Sehemu ya kwanza, kuanzia mwaka 1911 mpaka 1928, ni ya fanani anayefanya kazi mbele ya hadhira inayomjua na kumjibu. Sehemu ya pili ni ya fanani ambaye sauti yake husafiri bila mwili na bila muda. Ya pili ndiyo iliyomfanya ajulikane. Ya kwanza ndiyo iliyomfanya awe na cha kujulikana nacho.

Kutokana na hoja hii tunapendekeza mambo mawili kwa watafiti, hasa wanafunzi wa uzamili wanaochukua nyimbo za Siti kuwa data. Kwanza, matini ya santuri isichukuliwe kuwa matini kamili ya wimbo. Ihesabiwe kuwa toleo moja lililofupishwa kwa sababu za kiufundi, na lilinganishwe na maneno yaliyomo katika Wasifu na matoleo ya waimbaji waliofuata. Pili, uchambuzi wa dhamira uanze kwa kuuliza wimbo ulimlenga nani kabla ya kuuliza unafundisha nini. Kumbukumbu zilizobaki katika familia za wapiga ala na wasikilizaji wa Ng'ambo na mashamba ya kusini zikusanywe sasa, maana wanaozishikilia ni watoto na wajukuu, na kila kizazi hupunguza.

Kazi ya Siti haijafungwa. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipotafuta jina la jarida lake la kutetea haki za wanawake kilichagua Sauti ya Siti. Mwaka 2020 kitukuu wake, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake zikiwa na ala na mitindo ya leo. Katika vyote viwili, sauti iliyouzwa chini ya nembo ya Sauti ya Bwana Wake sasa inaitwa kwa jina la mwenyewe.